Kidonge cha Ginka

Mama mkwe wangu, Ginka, alifunga na kufungua kizuizi cha reli kijijini kwetu miaka thelathini na moja, na katika zamu zake hakugongwa hata mbuzi. Mtu wa namna hiyo haambiliki.

Figo zake zilipobaki na nguvu ya asilimia kumi na tano, Daktari Slavkov alimpa kidonge cha presha na kumpiga marufuku chumvi. Alitii kama askari. Supu yake ya maharage ikawa hailiki, na mimi nikanuna waziwazi.

Mwezi wa pili wa dawa hiyo majibu ya damu yakaja mabaya. Potasiamu ilikuwa imepanda mno, kiasi cha kuhatarisha moyo.

"Mama, kidonge hiki huweza kuipandisha," daktari akasema. "Isiposhuka, itabidi nikuondolee. Na presha ikiachwa hivihivi, figo zitakwisha upesi, tutakuunga kwenye mashine ya kusafisha damu."

Mashine iko mjini Vratsa, na huendewa mara tatu kwa wiki. Dada yake Ginka aliitegemea miaka minne, akafa. Ginka akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu harusi yangu. Niliogopa, sisemi uongo.

"Chumvi unakula?" daktari akamuuliza.

"Sili! Muulize huyu, kila siku kanivimbishia mashavu."

"Na kidonge unakimeza na nini?"

"Na maji ya kabichi, kikombe kizima. Ulitaka nikimeze na pombe?"

Pipa letu la kabichi za kuchachusha kwa chumvi liko chini ya ngazi tangu Novemba, na anayemchotea kila asubuhi ni mimi. Maji yale yamejaa chumvi na potasiamu, lakini nani kwetu huyahesabu kuwa chumvi? Kwetu ni dawa ya mafua na ya walevi. Daktari akajishika kichwa.

"Hata mimi nina pipa kibarazani," akasema, "na sikuwaza kukuuliza."

Wiki mbili Ginka alimeza kidonge kwa maji ya bomba, akilalamika kwamba hata ng'ombe wangeyakataa. Tukarudi. Daktari akasoma majibu mara mbili.

"Imeshuka. Presha nayo imeshuka. Kidonge endelea nacho, damu tutaipima kila mwezi. Mashine bado kabisa, mama."

Ginka, ambaye hakutoa chozi siku ya kumzika mumewe, akaangua kilio.

"Usinitazame, wewe!"

Ningemtazamaje, na uso wangu ulikuwa begani kwake?