Pete Nne za Mwanaheri

Mwanaheri Shekigenda alisomea ukerezaji wa vyuma Tanga, msichana pekee katika darasa lake. Alipofiwa na mumewe alirudi kwao Lushoto na mtoto wake Tatu na mashine moja kuukuu ya kukerezea, akaifunga kwenye kibanda karibu na soko. Kwa miaka kumi na minne aliwakerezea wakulima shafti za mashine za kusaga na vipuri vya pampu za bustani. Kazi za magari hazikumfikia. Gereji zote za mjini zilipeleka vyuma vyao Korogwe, naye alijua sababu, ingawa hakuna aliyewahi kumtamkia.

Kisha akaja Silvano, mtu wa Mgwashi anayekodisha gari lake aina ya Noah kwa maharusi. Rimu zake za chuma zilikuwa zimepindishwa na mawe ya barabara ya kwao, akanunua nne za aloi, safi, zilizotoka kwenye Honda CR-V. Alen, fundi mwenye jina kubwa mjini, alizifunga, na nati zote tano zikaingia bila shida. Lakini gari liliposhuka Mombo na kufika mwendo wa sabini, usukani ukaanza kutetemeka mpaka Silvano akaegesha pembeni. Alen alibalansi magurudumu mara mbili bila mafanikio, mwishowe akamshauri aziuze. Jumamosi kulikuwa na harusi, na Silvano alimfikia Mwanaheri Jumatano.

Mwanaheri aliomba gurudumu moja lifunguliwe. Akapima tundu la katikati ya rimu: milimita sitini na nne. Akapima kitovu cha Noah, chuma cha duara kinachoingia kwenye tundu hilo: sitini.

"Rimu imening'inia kwenye nati tu, kaka Silvano," alisema. "Haijakaa katikati. Nitaikalisha."

Aliuliza pia nati za Honda zenyewe ziko wapi, maana vichwa vyake ni vya mviringo na vinalala vizuri kwenye rimu zile, tofauti na nati za Noah alizotumia Alen. Zilikuwa bado ndani ya gunia zilimofika pamoja na rimu, akaagiza zitumike hizo.

Alhamisi kutwa alikereza pete za alumini, kila moja ya kujaza nafasi ile kati ya kitovu na rimu. Ya kwanza ilipwaya kidogo sana, kiasi ambacho mwingine angekiacha. Akaitupa na kuanza upya. Nyingine nne ziliingia kwa kusukumwa na kiganja, zikakaa kimya.

Ijumaa asubuhi Alen naye alikuja kutazama. Alimwamkia kwa heshima, lakini akasema wazi kwamba pete nyembamba namna ile haiwezi kutuliza gari. Mwanaheri akamwambia apande pamoja na Silvano, kisha akaketi mwenyewe kwenye usukani.

Waliteremka kona za Soni polepole. Walipoingia barabara kuu ya Mombo akaongeza mwendo. Sitini. Sabini. Silvano alishika mkanda wake. Themanini, na usukani umetulia kama meza. Mwanaheri alilegeza vidole, akauacha ulale kwenye viganja, na gari likaendelea kunyooka katikati ya mashamba ya mkonge. Silvano alianza kucheka, akashindwa kuacha.

Waliposimama, Alen alishuka akagusa magurudumu yote manne, akakagua nati moja moja. Alichukua muda. Kisha akamgeukia Mwanaheri.

"Mama Tatu, miaka yote hii tumekuwa tukikupita mlangoni tukienda Korogwe," alisema. "Tulikosea."

Mwanaheri alijibu kwamba ni kweli, walikosea. Alisema hivyo bila kinyongo, wala hakupunguza neno.

Jumamosi Noah ilimbeba bibi harusi kutoka Mgwashi, magurudumu yaking'aa nyuma ya wapiga tarumbeta. Jumatatu, kabla Mwanaheri hajafungua mlango, magari matatu yalikuwa yamepanga foleni mbele ya kibanda. La kwanza lilikuwa la Alen.