Fundi Saa Amsahau Mtoto wa Shaba

Fundi saa alikuwa na msimamo wake, na kwa miaka thelathini alimchosha nao mkewe: Mungu hana umbo. Hana pua, hana magoti, hali wala hanywi. Mkewe alimsikiliza huku akimvisha kanzu Krishna mchanga, mungu wa Kihindu, sanamu ya shaba ya mtoto anayetambaa, asiyezidi kidole gumba.

"Sawa, profesa. Sogeza kiwiko, utamwaga maziwa ya mtoto."

Maana nyumbani mwao Krishna alilelewa hasa: asubuhi aliamshwa, akaogeshwa, akapewa maziwa ya uvuguvugu, jioni alilazwa kitandani pake na kufunikwa.

Jumatatu mkewe akalazwa hospitali, atolewe uvimbe tumboni. Agizo lilikuwa moja: "Mtoto usimsahau."

"Nimsahau vipi, na dukani nina saa mia?"

Akamsahau siku hiyohiyo. Alimkumbuka Jumatano mchana, lenzi jichoni, kibano mkononi, na wakati huo mkewe yuko chumba cha upasuaji. Moyo ukampasuka paa! Falsafa ya miaka thelathini ikatokea mlango wa nyuma bila kuaga. Alifunga duka, akakimbia nyumbani, akapiga magoti mbele ya kitanda cha ukubwa wa kiberiti.

"Nisamehe, baba," akamwambia yule asiye na umbo. "Kosa ni langu, usimlipizie mama yako."

Akachemsha maziwa, yakafurika. Yaliyobaki aliyapuliza hadi mashavu yakamuuma, yasije yakamuunguza ulimi asiye na ulimi. Kisha akatoka mbio kwenda hospitali.

Daktari alisema uvimbe umetoka wote, na si wa hatari. Fundi saa akaketi kwenye benchi kama gunia lililotuliwa.

Kesho yake akaungama. "Siku mbili, mama! Njaa, kiu, kafunikwa gubigubi. Nikajua atakuchukua kwa kosa langu."

Mkewe akacheka, akajishika tumbo. "Usinichekeshe, nitafumuka nyuzi! Kwani Mungu ana kinyongo kama shangazi yako? Wewe si ulisema hana umbo?"

"Hana."

"Kweli hana. Yumo kwenye maziwa, kwenye kisu cha daktari, hata kwenye hicho kichwa chako kigumu. Lakini aliye kila mahali nitamkumbatiaje? Mikono haifiki. Basi kanijia mdogo, nipate wa kumlea. Njaa si yake, ni yangu mimi."

"Kwa hiyo hakukasirika?"

"Mtoto gani hukasirika akiachwa alale?"

Pumzi aliyoibana tangu jana ikamtoka yote, hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

"Na leo?" mkewe akauliza.

"Nimemwamsha, nimemwogesha, nimempa maziwa na sukari vijiko vitatu."

"Vitatu! Meno yake je?"

Fundi saa akafungua mdomo ajibu kwamba asiye na umbo hana meno. Akaufunga.

"Kesho nitaweka kimoja," akasema.