Kichuguu cha Bibi Kule Midia

Juzi nilikwenda soko la Arua kutafuta uzi wa cherehani, nikakutana na harufu iliyonisimamisha katikati ya njia hata mwenye toroli akanitukana. Kumbikumbi wa kukaangwa! Mama mmoja alikuwa amekaa chini na beseni lake, anawapima kwa kikombe, na watu wamemzonga. Nikamuuliza wametoka wapi. "Kongo, dada," akasema, hata kichwa hakuinua. "Huku yetu iko wapi tena? Yote inatoka ng'ambo." Nikanunua kikombe kimoja, nikarudi kwenye cherehani yangu, na kazi ya siku ile ikanishinda kabisa. Basi ngoja nikueleze, mwenzangu, maana nikikaa nayo peke yangu itanisumbua wiki nzima.

Mimi nililelewa na bibi, mama yake baba, kule Midia upande wa Koboko, karibu na mpaka. Sisi ni watu wa ukoo wa kiaskari. Babu alikuwa askari, na baba yake kabla yake, na alipokufa alimwachia bibi nyumba ya udongo, blanketi nzito za jeshi zinazowasha shingo, na watoto. Shamba lilibaki la ukoo, yaani la wanaume, si unajua mambo yetu. Lakini ukingoni mwa shamba, pale muhogo unapokutana na mahindi, palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu mzima, na hicho kilikuwa cha bibi. Alipewa na mama mkwe wake siku aliyojifungua mtoto wa kwanza, naye mama mkwe alikuwa amepewa vivyo hivyo. Kwetu kichuguu kina mwenyewe kama ng'ombe alivyo na mwenyewe. Mtu akikutwa anakusanya kumbikumbi kwenye kichuguu cha mwenzake aliitwa mbele ya wazee, na aibu yake haikuisha upesi.

Bibi alikuwa mwembamba, mweusi tii, na mdomo wake, ewe! Ukilala mpaka jua litoke alikuuliza kama umeolewa na kitanda. Lakini kwa habari ya kichuguu alikuwa mpole ajabu. Alinikalisha pale kivulini akanichambulia mboga huku akiniambia, "Wewe iko msichana. Shamba hawatakupa. Lakini hii iko yangu, na siku mimi naenda, hii iko yako." Nami nikawa natembea pale kijijini na kiburi changu chote, mtoto wa miguu peku, mwenye mali.

Na ilikuwa mali kweli. Udongo wake tulikandikia nyumba, ukawa mgumu mpaka mvua inachoka yenyewe. Baada ya mvua kubwa uyoga uliota ubavuni, mweupe, mpana kama sahani, na supu yake bibi aliipika na simsim ya kusaga hata jirani yetu akapata sababu ya kuja kuomba moto. Halafu kumbikumbi wenyewe. Mvua za kwanza zikishapita na jua likatoka na joto lile la kunata, bibi alichimba shimo dogo mbele ya tundu, akaweka chungu ndani, akajenga kibanda cha vijiti na kukifunika kwa blanketi ya babu. Sisi watoto tulipewa fimbo. Tulipiga ubao mkavu, taratibu kwanza, halafu haraka haraka, na mmoja wetu akinyunyiza maji kwa majani, ili kumbikumbi waliomo ndani wadhani mvua imerudi. Tulipiga mpaka mikono inakufa ganzi. Kisha ungesikia ule mchakacho wa mabawa chini ya blanketi, na wakaanza kutoka wakikimbilia mwanga, wanaanguka chunguni, wengi, wanono, wanang'aa.

Hapo palikuwa na sheria moja tu. Mwenye kichuguu anakula wa kwanza. Bibi alichota mkono mmoja, akapuliza mabawa, akasema Bismillahi, akawatafuna wazima wazima huku sisi tunameza mate. Watoto hatukugusa mpaka chungu cha kwanza kijae na bibi mwenyewe aseme tule. Tulimwona mchoyo, wallahi. Tulinong'ona nyuma yake kwamba bibi anakula walionona na kutuachia mabawa.

Sasa baba mdogo, ndugu yake baba, ndiye aliyekuwa akilima. Alikuwa mtu mzuri, nataka ulijue hilo kabla sijaendelea. Mgongo wake ulikuwa umeharibika, watoto wake wakubwa walikuwa shule Arua, na palizi ilikuwa inamuua. Akasikia habari ya dawa ya kuua majani. Akaenda Koboko mjini, akarudi na pampu ya kubeba mgongoni, na asubuhi moja akapuliza shamba lote kabla ya kupanda. Baada ya siku chache kila kitu kilikuwa njano kama kimemwagiwa maji ya moto. Tulishangilia, nisikudanganye! Sisi ndio tuliokuwa tunainama na jembe. Bibi peke yake alisimama mpakani mwa shamba na kikapu chake kitupu, anatafuta mgagani na mlenda wake uliokuwa unaota katikati ya mahindi bila kupandwa. "Mboga yangu umepeleka wapi?" akauliza. Baba mdogo akacheka, akasema, "Mama, hiyo iko majani tu."

Mwaka wa kwanza mahindi yalikuwa mazuri. Mwaka wa pili, ardhi ikiwa tupu namna ile, hakuna nyasi kavu wala majani ya kuoza, mchwa wakakosa chakula chao, wakageukia mahindi. Walikata mashina chini kabisa. Unalala shamba limesimama, unaamka limelala. Baba mdogo alizunguka katikati ya yale mabua akiyainua moja moja kama anaamsha wagonjwa.

"Mama, mchwa inamaliza sisi," akasema jioni ile. "Nataka kumwaga dawa ndani ya kichuguu."

"Usiguse."

"Hapana kumbikumbi, Mama. Mimi naua mchwa tu. Mchwa iko mchwa, kumbikumbi iko kumbikumbi."

Na usimcheke. Wengi pale waliamini hivyo, kwamba wale wa chini wanaokula mahindi ni mdudu mmoja na wale wenye mabawa ni mdudu mwingine aliyepanga nyumba moja naye. Bibi hakubishana. Alisema tu tena, "Usiguse kitu yangu," akaingia ndani, na sisi tukadhani limekwisha.

Kisha kukawa na msiba kule Omugo kwa dada yake bibi, akaenda kukaa matanga. Baba mdogo akapata nafasi. Alikwenda kwa mwenye duka mmoja anayeuza dawa za kuua wadudu wa tumbaku, akapimiwa ndani ya chupa ya soda, bila karatasi wala maelezo, akaambiwa ni kali, itatosha. Akaimimina yote katika matundu ya kichuguu, akayafunika kwa udongo. Hakumwambia mtu. Mahindi yaliyobaki yakaacha kuanguka, bibi akarudi, na baba mdogo akawa anapika chai mwenyewe na kumpelekea, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mvua ikanyesha usiku na kuacha asubuhi, na jua likatoka. Baba mdogo alikuwa amekwenda mjini. Bibi akatuita, akachukua blanketi, nasi na fimbo zetu. Hatukupiga hata dakika nyingi. Walitoka upesi, lakini walitoka vibaya. Walijiburuta, mabawa yamekunjamana, wengine wakizunguka palepale. Bibi akasema labda ni baridi ya usiku. Akachota mkono wake, akapuliza, akasema Bismillahi, akala. Sisi tukaendelea kupiga, tunangoja chungu kijae.

Kwanza alijifuta jasho, mara nyingi. Halafu akakaa chini. Mate yakaanza kumtoka na mikono kumtetemeka, na macho yakamwaga machozi ingawa halii. Nikamwita, akanijibu kwa sauti nzito ambayo sikuijua. Dakika hiyohiyo nikasikia baiskeli imetupwa barabarani na baba mdogo, aliyekuwa ameona blanketi pale kichuguuni, anakuja mbio, anapiga kelele, "Tupeni! Tupeni! Hapana kula! Iko dawa!" Alikipiga chungu teke kikapasuka. Akatushika mmoja mmoja taya, anatuangalia mdomoni, analia kama mtoto. "Nani amekula? Nani amekula?" Hakuna aliyekula. Chungu kilikuwa bado hakijajaa.

Alimbeba bibi kwenye bodaboda katikati yake na dereva mpaka hospitali, na huko walipigania uhai wake siku kadhaa. Tuliobaki nyumbani tulifukia kuku waliodonoa wale waliomwagika. Nilipopelekwa kumwona, bibi alikuwa mdogo kitandani kama nguo iliyoanikwa. Baba mdogo alikuwa amepiga magoti sakafuni.

"Watoto iko salama?" bibi akamuuliza.

"Iko salama, Mama. Wote."

"Basi, amka. Utachafua suruali."

Ni hayo tu. Alipona, ingawa mikono yake haikuacha kutetemeka, na hakuwahi kumsema baba mdogo mbele ya watu wala nyuma yao. Ningependa angemsema. Angalau tungejua limetoka kifuani.

Kichuguu hakikupona. Mvua iliyofuata hakikutoa hata mmoja. Uyoga haukuota. Nyufa zikaanza, na hakuna aliyekuwa ndani wa kuziziba, kwa hiyo kila masika yalikula kipande. Ningesema mchwa wengine wangehamia, kwani ndivyo vichuguu vinavyopata uhai tena, lakini majirani nao walikuwa wamepata habari kwamba dawa ile inafanya kazi, kila mmoja na chupa yake ya soda. Ndege waliokuwa wanajaa angani siku ya kumbikumbi wakaacha kuja. Hata kelele zetu watoto ziliisha, maana tungempigia nani? Hayo mengine nimeyazoea. Kimya kile baada ya mvua, na jua limetoka, na hakuna mtoto anayeitwa, hicho sijakizoea.

Bibi alikufa miaka baadaye, kwa uzee, mimi nikiwa tayari nashona Arua. Matanga yalipokwisha wazee walikaa kugawa vilivyokuwapo. Baba mdogo akathibitishiwa shamba. Blanketi zikaenda kwa wajukuu. Kisha mzee aliyesikia wosia wa bibi akaniita kwa jina langu lote, akasema, "Marehemu amekuachia wewe kichuguu." Kila mtu pale alijua kilikuwa lundo la udongo, na bibi alijua kuliko wote. Lakini alikuwa ameniahidi. Nikasema nimepokea. Baba mdogo akatoka nje, na tulimsikia akilia.

Sasa yeye ni mzee, mgongo umeinama kabisa. Shamba lingine lote anapulizia, hana namna, lakini ile kona yangu ya kichuguu haipulizii. Anailima kwa jembe la mkono, anaacha nyasi kavu na mabua yaoze pale, anamwaga na maganda ya muhogo, eti mchwa wapate cha kula wakirudi. Kila nikienda Midia ananishika mkono, ananipeleka, anainama kwa taabu, anabandua udongo kidogo kwa kidole. "Angalia, mwanangu," ananiambia. "Hapa iko kama njia yao, siyo?" Nami naangalia. Hakuna kitu. Namwambia ndiyo, Baba, naona iko.