Peris na Magoti ya Bibi Hissa

Peris Nekesa alifika Riyadh na filimbi shingoni, na tuseme kweli, filimbi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimharibia kazi. Alikuwa kocha wa mazoezi katika jimu ya wanawake mtaa wa Sulimaniyah, dada wa Webuye mwenye mabega ya mpira wa wavu na sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Wateja walimwogopa. Aliwahesabia, aliwakemea, aliwarudisha mwanzo wakikosea, na mtu akicheka katikati ya zoezi alimtazama kama aliyecheka matangani. Yeye mwenyewe alifunzwa hivyo. Kwake mazoezi yalikuwa kama kupalilia shamba: unainama, unaumia, unamaliza, unakwenda zako.

Basi kafili wake, yaani mdhamini wake, mwenye jimu, akamtuma nyumbani kwa Bibi Hissa.

Huyu alikuwa mjane wa miaka sabini na ushei, mfupi, mpana, mwenye macho ya mtoto aliyeficha kitu. Goti lake moja lilikuwa limefanyiwa upasuaji, na la pili likanuna kwa kuona mwenzake anahudumiwa. Binti yake, madam Munira, alitaka mamake apungue uzito na sukari ishuke. Bibi Hissa mwenyewe alitaka jambo moja tu, na alilisema siku ya kwanza kabla Peris hajavua baibui.

"Nataka kukaa chini, kwenye zulia, peke yangu. Na kuinuka peke yangu. Hayo mengine kamwambie Munira."

Sababu yake Peris aliipata jikoni, kwa Selipher, dada wa Siaya aliyekuwa akifanya kazi na kulala katika nyumba hiyo kwa miaka mingi.

"Mama kubwa ako na dada yake Jeddah, anaitwa Luluwa," Selipher alisema huku akimenya vitunguu. "Huyo ndiye mkubwa, na ameanza kusahau watu. Hataki kitanda, hataki kiti, siku mzima ako kwa godoro hapo chini. Mwaka jana tulienda, mama kubwa akiwa kwa wheelchair. Aki Peris, unajua alimwambia nini? 'Karibu, mgeni.' Akaambia watoto waletee mgeni kahawa."

"Si mngemshusha tu akae naye?"

"Tulijaribu, watu watatu. Mama kubwa akapiga nduru, goti linamuuma. Yule dada yake akashtuka, akaanza kulia, akasema tutolewe. Tukatolewa. Kwa ndege mama kubwa alikuwa tu anaangalia dirisha."

Peris aliguswa, na kwa kuwa aliguswa, aliazimia kuwa mkali maradufu. Ndivyo alivyojua kupenda.

Ungedhani mwanafunzi mwenye hamu kama huyo atakuwa mwepesi. Thubutu! Peris alimwambia ainuke kitini kisha aketi, akaanza kumhesabia kwa Kiarabu chake cha jimu, na kabla hesabu haijafika popote Bibi Hissa akakumbuka kwamba hajampa mgeni kahawa. Siku iliyofuata alisinzia, au alijifanya kusinzia, filimbi ikilia karibu na sikio lake. Siku nyingine alimlisha Peris tende mpaka Peris mwenyewe akashindwa kuinama. Neno lake kubwa lilikuwa bukra, yaani kesho, na kesho yake hiyo haikuwa na tarehe. Kocha alitoka kwenye nyumba ile akiwa amechoka kuliko mgonjwa.

Mchana mmoja uvumilivu ulimwisha. Alimwacha bibi kitini, akaingia jikoni kunywa maji na kushusha hasira. Selipher alikuwa akikata nyama ya mbuzi. Alimwona mwenzake alivyovimba, akainua kisu juu, akaita kwa sauti ya kiwanja cha shule ya msingi:

"Nyama nyama nyama!"

"Nyama!" Peris akajibu, tayari yuko hewani.

Hakufikiri. Yeyote aliyesoma shule ya msingi kwao angeruka. Mchezo wenyewe ni rahisi: mmoja anataja mnyama, na kama huyo mnyama analiwa, wenzake wanaruka na kuitikia nyama. Akitaja kisicholiwa, atakayeruka ametoka.

"Ng'ombe!"

"Nyama!"

"Kuku!"

"Nyama!"

"Sufuria!"

Peris akaruka na sufuria. Walicheka mpaka wakashikana mabega, kisu kikiwa kimetupwa kwenye sinki.

Kule sebuleni fimbo ikagongwa sakafuni. Bibi Hissa alitaka kujua ni sherehe gani hiyo ambayo yeye hakualikwa. Selipher, aliyekijua Kiarabu vizuri, akamweleza mchezo wote. Bibi akafikiri, kisha akasema naye atacheza, ila kwa kuwa hawezi kuruka, atakuwa anainuka kitini, na wao wakubali kwamba huko kuinuka ni sawa na kuruka.

Peris akafungua mdomo aseme kwamba hilo ndilo zoezi lenyewe alilokuwa akimbembeleza siku zote. Selipher akamkanyaga mguu.

Wakaanza. Peris aliita, Selipher akitafsiri pale kocha alipokwama. Kondoo, wote juu. Kuku, wote juu. Ngamia, Bibi Hissa akainuka peke yake, Selipher akabaki amesimama kama mlingoti.

"Nyama!" bibi alisema kwa hasira. "Kwa nini huruki?"

"Mama kubwa, kwetu Siaya nyama ya ngamia mafi, hakuna kabisa. Hakuna mtu anakula."

"Basi Siaya wamekosa, na wewe umetoka."

Wakabishana, wakasuluhishwa, wakarudi mchezoni, na hapo Peris akanogewa. Alisahau yuko wapi. "Nguruwe!" akaita, akaruka yeye mwenyewe, maana kwao Webuye hiyo ni nyama, tena ya Krismasi. Alitua peke yake. Selipher ghafla aliona vumbi mezani ambalo lilihitaji kufutwa papo hapo.

"Ameruka kwa ajili ya nini?" Bibi Hissa akauliza.

Peris akaiona ikama yake, kile kibali cha kuishi, inafutwa, akajiona uwanja wa ndege na begi lake la bluu. Lakini kudanganya hakuwahi kujua. Akanong'ona jina la mnyama huyo kwa Kiarabu.

Bibi Hissa akamkazia macho. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kilichomtoka kilikuwa kikubwa hata akalazimika kushika meno yake ya bandia. "Maskini mtoto! Umetoka! Umetoka kabisa, kaa kule!" Akajitwalia kazi ya kuita. Akaita nzige, akainuka peke yake. Akaita dhabu, yule mjusi mnene wa jangwani, akainuka tena peke yake, na safari hii hakuketi. Alisimama pale akiwaeleza hawa washamba wawili jinsi baba yake alivyokuwa akimchoma mjusi huyo kwenye makaa, mikono yake yote miwili ikipima hewani urefu wa mkia. Hakuwa ameshika fimbo wala kiti.

Peris alimwona. Akabana mdomo asije akamkumbusha fimbo.

Tangu siku hiyo filimbi ilikaa mkobani. Haikuwa rahisi kwa Peris, msidhani. Mtu aliyezoea kuhesabu huhesabu hata vidole vya mtoto mchanga. Ila alijifunza kuuma ulimi. Bibi akichoka, walipumzika na kugombana kuhusu vyakula. Akikataa, Peris alicheza na Selipher, na haikuchukua muda fimbo ikagongwa. Hata kule jimuni wateja walianza kuulizana kocha amepatwa na nini, mbona siku hizi anaonyesha meno.

Kushuka zuliani ndiko kulikowapa taabu. Walianza na mito mitatu iliyopangwa, wakapunguza mmoja baada ya mwingine. Ili bibi awe na sababu ya kukaa chini, walicheza ule mchezo wa kurusha kijiwe juu na kuokota vingine kabla hakijaanguka, ambao yeye aliujua tangu utotoni Riyadh na wao waliujua tangu utotoni kwao. Bibi Hissa aliiba vijiwe waziwazi na kuapa kwamba hajaiba. Kushuka akakuweza. Kuinuka bado kulitaka mkono wa mtu.

Halafu simu ikaja kutoka Jeddah. Luluwa sasa hakuwa akiwataja hata wanawe kwa majina. Madam Munira akakata tiketi za wiki iliyofuata, akamwomba kafili amruhusu Peris aende nao.

Hofu ilimwingia Peris, na hofu ikamrudishia yule Peris wa zamani. Kesho yake bibi aliposhindwa kuinuka kutoka zuliani, kocha alisimama juu yake, mikono kiunoni. "Yalla! Tena! Miguu sio ya kupumzika! Tena! Unataka dada yako akuite mgeni tena?"

Neno hilo la mwisho lilipotoka, lilikuwa limeshatoka. Bibi Hissa alisema halas, yaani basi, akamwomba Selipher amwinue, akaenda chumbani akafunga mlango. Siku ya pili alikataa kutoka. Ya tatu pia. Selipher alimtazama Peris bila kumsemesha, na ikitoka kwa Selipher, hiyo ilikuwa adhabu kubwa.

Peris akabisha hodi mwenyewe. Hakuwa na Kiarabu cha kuomba radhi, basi akaingia, akaketi chini kwenye zulia mbele ya kitanda, akainamisha kichwa. Alikaa hivyo mpaka goti lake la kushoto likaanza kuuma, na alipojaribu kulinyoosha likalia kwa sauti ambayo bibi aliisikia kule juu kitandani.

"Nini hiyo?"

Ikabidi Selipher aitwe atafsiri. Peris akaeleza kwamba goti hilo ndilo lililomtoa kwenye mpira wa wavu. Liliumia, kocha wake akamwambia uvivu, akamkimbiza kiwanjani mpaka likamalizika. Alisimulia kama anavyosimulia mtu habari za jirani. Bibi Hissa hakuzichukua hivyo.

"Huyo ndiye aliyekuwa akipiga kelele juzi kule kwenye zulia langu," alisema. "Sio wewe. Wewe ni yule wa nguruwe."

Peris akalia. Alilia hasa, kwa sauti, kama alivyopaswa kulia akiwa na miaka kumi na tisa. Bibi Hissa aliteremka kitandani, akashuka taratibu mpaka zuliani, akamfuta uso kwa ukingo wa mtandio wake, akimgombeza wakati wote kwa kulia. Walipomaliza, bibi aligeuka ubavu, akapiga goti moja, akakandamiza kiganja pajani, akasimama. Hakuna aliyekuwa amemshika mkono.

Jeddah ilikuwa na joto la unyevu linalomvaa mtu kama nguo ya pili. Nyumba ya Luluwa ilijaa mabinti na wajukuu. Bibi Hissa akawaambia wote wabaki nje, madam Munira pia. Peris peke yake asimame mlangoni, na asisogee.

Luluwa alikuwa kwenye godoro lake, mdogo, mweupe kichwa kizima, anakunja na kukunjua ncha ya shuka. Hakuinua macho. Bibi Hissa akaweka fimbo ukutani, akashuka goti moja, la pili, akaketi. Hakuna aliyepiga nduru. Sasa nyuso zao zilikuwa zimelingana.

Luluwa akainua macho, akamtazama. Jina hakutaja. Alinyoosha mkono, akauweka sawa mtandio wa mdogo wake uliokuwa umeteleza nyuma, akaurudisha hadi kwenye paji la uso kwa nguvu kidogo. "Jifunike vizuri," alimwambia. "Mama akituona atatugombeza mimi na wewe."

"Sawa, dada," Bibi Hissa alijibu, na sauti yake haikuwa ya mtu wa miaka sabini.

Walikaa wakala wali na samaki kwenye sinia moja, Luluwa akimtolea miiba na kumsogezea minofu. Walikaa mno. Wakati wa kuondoka ulipofika miguu ya Bibi Hissa ilikuwa imekufa ganzi. Alijaribu kuinuka, akarudi chini. Peris akapiga hatua moja kutoka mlangoni.

"Mwache," alisema Luluwa. "Huyu ni mdogo wangu. Mimi ndiye humwinua."

Akajivuta mpaka ukingo wa godoro, akanyoosha mkono wake, mkono ambao haukuwa na nguvu ya kuinua hata birika. Bibi Hissa aliutazama, akaushika. Peris akaona goti linapigwa, kiganja kinakandamizwa pajani, misuli ya mapaja yote miwili inakaza chini ya gauni mpaka gauni linatetemeka, ili uzito wote, hadi wa mwisho, ubaki kwa huyu anayeinuka, na kule kwenye ule mkono mwembamba isifike hata ratili moja. Alisimama wima. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

"Umekuwa mzito, wewe," Luluwa akasema, akihema kwa fahari.

"Ahsante, dada," alisema Bibi Hissa, bado ameushika mkono ule. "Bila wewe nisingeweza."