Sanduku la Saa Sita

Fortunata Yujra alifikisha miaka hamsini na miwili bila kuuona mji wa La Paz. Maisha yake yalikuwa Chulumani, kwenye matuta ya koka. Huko alichuma majani mpaka vidole vikawa vyeusi, huko alimzika mume, huko alimlea binti yake Wilma peke yake. Tangu Wilma ahamie mjini, kila mwaka alikuwa akimwambia, "Mama, njoo nikutembeze." Mwaka huu, mkesha wa sikukuu ya Alasita, mama akaenda.

Asubuhi yake ya kwanza walishuka kwa miguu kutoka chumba cha Wilma, kule juu upande wa makaburini. Wakiwa katikati ya ngazi, Wilma akamshika mkono.

"Mama, leo saa sita utaninunulia sanduku."

"Sanduku gani?"

"Dogo, la Alasita. Na cherehani yake. Naenda Sao Paulo kushona."

Fortunata aliteremsha mguu mmoja, kisha wa pili. Sao Paulo, ng'ambo ya mpaka, ndiko alikokwenda Eusebia, mtoto wa dada yake, akafungiwa kwenye karakana ya nguo, akala na kulala chini ya mashine. Alirudi anakohoa, na hakukohoa kwa muda mrefu. Fortunata ndiye aliyeiosha maiti.

Lakini Alasita ina sharti lake. Unachokitaka kwa mwaka mzima unakipokea kikiwa kidogo kama cha kuchezea, kengele za saa sita zikilia, kisha mganga anakifukiza ubani. Na lazima kinunuliwe kwa mkono wa mwingine. Ukijinunulia mwenyewe umenunua mdoli. Wilma alilelewa hivyo. Mwaka ule barabara ilipobomoka, wachuuzi wasifike Chulumani, wakaikosa Alasita, aliiacha kazi ya dukani aliyokwisha kuipata, akasubiri mwaka wa pili.

"Atasubiri na safari hii," Fortunata aliwaza. "Mwaka ni mwaka. Mengi hubadilika."

Basi akaanza kuuona mji.

Kwenye uwanja wa Murillo, mbele ya bunge, alisimama katikati ya njiwa.

"Mama, njiwa hata kwetu wapo."

"Wa kwetu hawanenepi hivi. Wanakula nini hawa, wabunge?"

Wilma alicheka, akamnunulia mahindi ya kuwarushia. Fortunata alirusha punje mojamoja. Mahindi yalipokwisha, akainua macho kwenye jengo la bunge.

"Na saa ile mbona inakwenda kinyumenyume?"

"Ndivyo walivyoiweka. Twende, Mama. Nakujua wewe."

"Unanijua nini? Mgeni mimi, niache nishangae."

Alitaka uji wa mahindi ya zambarau, akaunywa kwa kuugusisha midomo. Kila mteremko alidai kupumzika. Kweli hewa ya juu ilimbana kifua, ila si kama alivyoonyesha. Walipofika kanisa la Mtakatifu Fransisko, uwanja ulikuwa umejaa watu, moshi wa ubani na meza za vitu vidogo: nyumba, magari, vyeti, magunia ya mchele yasiyozidi kidole gumba.

"Nina neno na Mungu," alisema Fortunata.

"Mama, saa sita imekaribia!"

"Nikishamaliza."

Aliingia, akapiga magoti. Alijua Wilma hatathubutu kumwinua mamaye mbele ya msalaba. Wala hakusali, alikuwa anasikiliza. Kengele zikaanza, nje watu wakapiga kelele kama maji yaliyovunja ukingo. Fortunata alikaza viganja mpaka mlio wa mwisho ukafa. Ndipo akajipiga ishara ya msalaba, akainuka.

Wilma alikuwa amesimama mbele ya meza moja. Sanduku lilikuwa limetengwa pembeni, na cherehani juu yake.

"Ndiye mama huyu?" muuzaji alisema. "Ulikuwa wapi, mama wee? Nimempa mkono wangu umnunulie, kaukataa. Jirani yangu kampa wake, kaukataa. Mama yangu anakuja, mama yangu anakuja!"

"Magoti, mwanangu. Yalikufa ganzi."

"Sawa, Mama."

"Si kitu, bado kuna mwakani. Turudi Chulumani, tuchume wote..."

"Mama, basi langu linaondoka leo jioni. Chumba nimeshakirudisha kwa mwenyewe."

"Bila sanduku?"

"Bila sanduku."

"Lakini ile kazi ya dukani uliingoja mwaka mzima!"

"Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nakula kwako."

Wilma hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Fortunata: ataondoka kweli, tena bila baraka. Mama alinyakua sanduku na cherehani, akamtupia muuzaji noti bila kuitazama, akakimbia, pumzi zikimkatika kweli sasa, mpaka kwa mganga aliyekuwa anazima makaa yake.

"Fukiza!"

"Saa sita imepita, mama."

"Fukiza tu, baba. Nakuomba."

"Nitafukiza. Ila usije ukasema nilikudanganya."

Moshi ulikuwa haba. Fortunata alimpelekea mwanawe vile vitu, naye akavipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akavitia mfukoni.

"Haya, Mama. Nilikuahidi kukutembeza."

Akamtembeza. Alimwonyesha barabara kuu, daraja, theluji ya Illimani ikichungulia juu ya maghorofa. Kila alipoonyeshwa, Fortunata alisema, "Naona, mwanangu," huku macho yake yakiwa kwenye shavu la Wilma, kwenye sikio lake, kwenye kovu la utotoni chini ya kidevu. Hakuomba kupumzika tena. Jua likashuka.

"Umechoka, Mama?"

"Hata. Nionyeshe kingine."

"Hakuna kingine. Kituo cha mabasi ndicho kile."