Gari la Mbio Tulilolikata Wamaza

Dereva wa pikipiki aliyetoka Wamaza alinikuta sokoni Kasongo, akaniambia bila kushuka: "Mwalimu, fundi yetu amekufa. Homa ya siku tatu tu. Walimuzika jana, nyuma ya alasiri." Sikuuliza fundi yupi. Wamaza, nilikofundisha kabla ya kuanza kuandika safu hii, fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa mmoja: aliunda milango, akaunga fremu za baiskeli, na kwa miaka mitatu alipanga kujitengenezea gari la mbio.

Michoro yake aliichora kwa makaa kwenye karatasi za mifuko ya saruji, akaibandika ukutani. Injini ingekuwa ya pikipiki kuukuu. Shasi alikuwa ameshaiunga kwa mabomba aliyoyapata moja moja, chini kiasi kwamba kuku waliiruka bila kupiga mbawa. Watu walicheka. Siku moja nami nikamuuliza atapita wapi nalo katika matope yale. "Barabara itakuja, Mwalimu," akanijibu, "na ikikuja, inikute tayari." Nilimpenda kwa jibu hilo, na nadhani upendo huo ndio ulionipotosha.

Kabla ya mvua, muuguzi wa kituo cha afya alikuja karakanani. Aliomba mabomba yale na magurudumu mawili, fundi aunde kitoroli cha kufungwa nyuma ya pikipiki, ili wanawake wenye uchungu mgumu wapelekwe hospitali wakiwa wamelala. Fundi akanigeukia mimi, msomi wake. "Mwalimu, unasema nini?" Nikasema: "Usikate. Kazi ya miaka mitatu! Watapata vyuma pengine." Akamwambia muuguzi angoje. Mvua zikaanza. Mke wa mkulima jirani akashikwa na uchungu, wakampakia kwenye pikipiki akiwa amekaa, dereva mbele, kaka yake nyuma akimshikilia. Alifia njiani, na mtoto tumboni. Baada ya matanga, mume alikuja karakanani. "Siko na maneno na weye, fundi," alisema. "Nilitaka tu nikione hicho kitu." Akakitazama, akaweka kiganja juu ya bomba, akaondoka. Fundi akachukua msumeno wa chuma. "Shika hapa, Mwalimu, isicheze." Nikashika, naye akakata mpaka magharibi bila kunitazama. Nilipojaribu kumwomba radhi alisema: "Weye ulisema. Lakini vyuma vilikuwa vyangu."

Kitoroli kile kimewabeba wengi, na kwenye matanga ya fundi, naambiwa, kila mtu alikisifu. Hakuna aliyetaja gari. Sisi humzika mtu pamoja na kile alichotufaa, tukasahau kile alichokitaka mwenyewe. Wala hatuulizi kwa nini, katika ardhi inayotoa dhahabu, mtu mwenye mikono kama ile alilazimika kuchagua kati ya gari lake na uhai wa jirani, huku wanaopaswa kutengeneza barabara hawakulazimika kuchagua lolote. Lakini nikiishia kuwalaumu hao nitakuwa nimejificha nyuma yao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: nilimtwika fundi ushauri ambao mimi haukunigharimu kitu, naye akaubeba peke yake mpaka kaburini. Anayemshauri mtu na abaki abebe sehemu yake ya yatakayotokea. Yule mume bado analima Wamaza, na hajui kwamba neno lile, "Usikate", lilitoka kinywani mwangu. Akisomewa safu hii, sasa ajue.