Baba Niliyemzika Kwenye Fomu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo mikono inaniganda. Nilikuwa nimekaa nje ya jiko letu, kule mlimani, juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai, namenya ndizi, utomvu umenikolea vidoleni. Nikawaona watu wawili wakipandisha njia ya migombani na faili mkononi. Mmoja alikuwa mama wa makamo aliyevaa viatu vya mjini, anakwepa matope. Nikawajua ni akina nani kabla hawajafungua mdomo, na nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Ngoja kwanza nikueleze walichofuata. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nimefaulu vizuri, na serikali ilikuwa inatoa ruzuku kwa wanafunzi wa chuo kikuu ambao kwao hali ni ngumu. Kwetu hali ilikuwa ngumu kweli, sikuwa na haja ya kuongeza chumvi. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu. Baba yangu, Mzee Anaeli, alinilea peke yake kwa kahawa na ng'ombe wawili. Nywele alinisuka mwenyewe, mpaka wanawake wa jirani wakawa wanamcheka. Alisuka vibaya sana, lakini alisuka.

Fomu nilikwenda kuijaza mjini, mtaa wa Levolosi, kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi. Kijana wa pale akazisoma karatasi zangu, akatikisa kichwa. Akaniambia mwenye mzazi mmoja hupewa kidogo, ila yatima asiye na baba wala mama ndiye anayepewa yote. Kisha akakichukua cheti cha kifo cha mama, akakigeuzageuza, akasema anaweza kunitolea kingine cha kufanana nacho. Mwanangu, sikuomba hata muda wa kufikiri. Nilimtajia jina la baba herufi kwa herufi, nikasimama begani kwake kuhakikisha hakosei. Mtendaji wetu wa kijiji alikuwa mgeni, hakutujua, akagonga mhuri na kunipa pole. Nikaipokea pole ile. Jioni nikampikia baba, akala, akaniuliza fomu imekwendaje, nikamwambia imekwenda salama.

Sasa wageni wa ofisi ya ruzuku walikuwa uani kwetu, na baba alikuwa anatoka kwenye mibuni na mkasi wake wa kupogolea. Wakamwamkia, akaitikia, akawakaribisha viti.

"Mzee, tunapatafuta kwa marehemu Anaeli," yule mama akasema. "Tumekuja kuhakiki habari za binti yake, yule yatima."

Baba aligeuka akaniangalia. Mkasi ukamponyoka mkononi bila yeye kujua. Mimi nilishindwa hata kuweka kisu chini. Neno moja tu kutoka kwake na mimi nilikuwa nimekwisha, chuo hakuna, na pengine polisi juu yake.

"Mmefika," akasema mwishowe. "Mimi ni mdogo wake. Ndiye ninayemtunza binti."

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akidanganya hata anapouza ng'ombe, na wewe unajua watu wanavyosema wakiuza ng'ombe. Wakaomba kuona makaburi, kwa sababu kwetu tunazikana nyumbani, humo humo migombani. Akawapeleka, nami nikafuata nyuma. Kaburi la mama lilikuwa la saruji. Pembeni yake palikuwa na mahali ambapo baba alipazungushia masale, ile mimea ya kuwekea alama, miaka mingi nyuma, akasema hapo ndipo atakapolala yeye. Akapanyooshea kidole.

"Yupo hapo," akasema.

Yule mama akainamisha kichwa kwa heshima, kisha akaandika.

Walipoondoka nilimfuata baba kwenye mibuni. Nikaita, "Baba." Hakugeuka. Nikaita tena.

"Baba yako umeshamzika," akasema, huku anaendelea kupogoa. "Mimi ni baba yako mdogo. Ukiwa na shida, niite hivyo."

Nilidhani ni hasira na itapoa. Asubuhi nikamwamkia, "Shikamoo baba," akapita kimya kwenda kwa ng'ombe. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu, nikiwa siamini kinachotoka kinywani mwangu, nikasema, "Shikamoo baba mdogo." Akaitikia, "Marahaba." Aliitikia kwa upole kabisa, na hapo ndipo nilipolia.

Jumapili hakukaa kwenye viti vya wazee. Alikuwa amemwendea mchungaji, akamwambia hawezi tena kupokea sadaka za watu kwa sababu amesema uongo amesimama kwenye kaburi la mke wake. Alisema uongo wake tu, wangu hakuutaja. Akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, watu wakaanza kuulizana, nami nikaimba wimbo mzima bila kujua naimba nini.

Barua ikaja. Nimepewa ruzuku yote, ada, chakula, vitabu, kila kitu. Nilikaa nayo siku tatu. Ya nne nikateremka mjini mpaka ofisi yao, nikamkuta yule yule mama. Nikamwekea barua mezani, nikamwambia, "Yule mzee mliyemwamkia ndiye Anaeli." Akavua miwani. Nadhani alikuwa anaikumbuka ile heshima aliyotoa pale kwenye masale. Akasema angeweza kuita polisi sasa hivi. Akalifuta jina langu, akaniambia nirudi mwakani na karatasi za kweli, kama nitakuwa na uso wa kurudi.

Nilimkuta baba anakatakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo baba. Nimekwenda kuwaambia."

Akaliweka panga chini. "Marahaba, mwanangu," akasema. Akaniuliza kama nimekula.

Mwaka huo sikwenda chuo, nilichuma kahawa. Uliofuata nilirudi, nikapewa sehemu tu ya ruzuku, na baba akauza ng'ombe mmoja kujazia. Pale pa mzazi alisaini akikandamiza kalamu hadi karatasi ikakaribia kuchanika. Ila kile kiti cha wazee wa kanisa hakukikalia tena mpaka kufa kwake, na hilo sikuwa na namna ya kumrudishia.

Alifariki juzijuzi tu, mwaka juzi. Nilipokwenda kuchukua cheti, karani akanisogezea karatasi, nikalisoma lile jina herufi kwa herufi, nikakaa sakafuni pale pale. Nilikuwa nimekwisha kuishika karatasi kama ile, nikiwa na miaka ishirini, na nikaifurahia.

Basi wewe unayejaza fomu hiyo kwenye simu, nisikilize. Hizo fedha ni zako pia, ziombe bila haya. Wakikunyima, kata rufaa, wasumbue, usikubali kunyamazishwa. Lakini andika kwenu kulivyo. Usimfute mtu aliyekulea ili upate nafasi, maana huyo anaweza kukubali kufutwa kwa ajili yako, nawe utaishi na hilo.

Mungu akufungulie mlango wa chuo, mwanangu. Na kila utakaporudi nyumbani kuamkia, umkute wa kukuitikia.